Celina Hutazama Filamu Bila Sauti

Saa nane mchana, Alhamisi, ukumbi wa sinema ulio nyuma ya soko la Bukoba uko mtupu. Viti vya mbao vimejipanga safu kwa safu bila mtu. Celina Kemilembe anavua viatu, anatandika kanga sakafuni mbele ya safu ya kwanza, anaketi na kunyoosha miguu.

"Zima sauti," anasema kwa nguvu, akielekeza uso juu, kwenye tundu la ukuta ambamo mwanga wa mashine hutokea.

"Leo kuna nyimbo nzuri, dada," anajibu Yunus, mwendesha mashine. "Utajuta."

"Nitazisikia Jumamosi. Zima."

Picha inaanza kimya. Wanawake wenye bangili wanafumbua midomo na hakuna kinachosikika isipokuwa mngurumo wa mashine. Farasi wanakimbia bila mlio wa kwato. Celina hatikisiki. Ameinua kidevu, kama mtu anayetazama paa linalovuja.

Celina ana miaka thelathini na minne. Kazi aliyoajiriwa nayo ni kukata tiketi mlangoni, na kwa kazi hiyo hupokea shilingi 190 kwa mwezi. Kazi anayoifanya leo haimo katika mshahara. Anaamua kama filamu hii inamfaa mtoto mdogo.

Filamu zote zinazofika Bukoba zimekwisha kupata kibali Dar es Salaam. Kibali kinasema filamu inaweza kuonyeshwa nchini. Hakisemi lolote juu ya mtoto wa miaka mitano aliyetembea kutoka Ijuganyondo akiwa ameshikwa mkono na shangazi yake. Huyo hufika mlangoni Jumamosi mchana, na anayemkuta mlangoni ni Celina.

"Nilipoanza, mwaka sitini na nane, wazazi walikuwa wananiuliza: mama, hii inamfaa huyu?" anasema. "Mimi nilikuwa sijaiona. Nikawa najibu tu. Siku moja nikamwambia msimamizi, siwezi kujibu kitu nisichokijua. Akasema basi kaitazame."

Tangu siku hiyo huitazama kila filamu Alhamisi mchana, Yunus anapoijaribu. Huketi chini kwa sababu watoto huketi mbele, na picha huwaangukia kutoka juu. Mtu mzima aliye kitini katikati ya ukumbi huona simba. Mtoto aliye chini huona meno.

Sauti huizima kwa sababu nyingine. Filamu nyingi zinazokuja hapa ni za Kihindi, chache za Kiingereza. Watoto wa vijiji vinavyouzunguka mji huu wanazungumza Kihaya, na Kiswahili huanza kukipata shuleni.

"Maneno ni ya wakubwa, na hata wakubwa wengi hawayaelewi," anasema Celina. "Mwaka jana kulikuwa na moja, mama anageuka jiwe. Mzee mmoja mle ndani anaeleza kwamba jua likichomoza atarudi kuwa mtu. Anaeleza kwa Kihindi. Mtoto anaona jiwe, basi. Anakaa na lile jiwe saa nzima kabla jua halijachomoza."

Hakuizuia filamu ile. Alisimama mlangoni na kumwambia kila mzazi, mmoja mmoja: jiwe likitokea, mnong'oneze mtoto kwamba mama atarudi. Ilionyeshwa Jumamosi mbili na hakuna aliyetolewa nje akilia.

Hofu yenyewe haimsumbui sana. Anasema mtoto anapenda kuogopa akiwa ameegemea mtu wake. Majoka, majini, mtu mwenye vichwa kumi, vyote hivyo huviruhusu, ila hutoa masharti.

Jumamosi iliyopita Bashiri, fundi cherehani wa barazani mwa duka la vitambaa, alimleta mwanawe wa miaka mitano.

"Mama, huyu ni jasiri," alisema Bashiri. "Juzi ameua nyoka."

"Nyoka wa ukubwa gani?"

Bashiri alionyesha kwa vidole viwili. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka.

"Wa humu ndani anajaza ukuta mzima," Celina alimwambia. "Kaeni kiti cha pembeni. Akianza kunyonya kidole mtoe, usingoje alie."

"Na mimi nikianza kunyonya kidole?"

"Wewe utatolewa na mkeo."

Anachokitafuta Celina, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kile ambacho mtoto atatoka nacho. Joka hubaki ukumbini. Kuna vitu vingine ambavyo mtoto huenda navyo nyumbani, akala navyo na kulala navyo. Filamu ya wiki hii inacho kitu cha namna hiyo, na safari hii mtoto anayehusika ni wake.

Kisa cha filamu si kigumu. Mtoto wa mfalme, umri wake kama miaka minane, anarogwa na mjomba wake na kuanguka. Watu wanamlilia, wanamfunga kwa kitambaa cha rangi ya udongo, wanamfukia chini ya mti mkubwa. Dada yake mdogo anavuka milima na jangwa, anapanda mgongoni mwa ndege mweupe, anarudi na maji ndani ya ua lililochanua. Anayamwaga pale chini ya mti. Ardhi inapasuka na kaka yake anatoka akiwa hai, mikono juu.

Sehemu ya nne ya filamu, ile ya kufungwa kitambaa na kufukiwa, inapopita ukutani, Celina anashusha kidevu kwa mara ya kwanza. Anaomba irudiwe. Yunus anaiweka tena bila mzaha wowote.

Taa zinapowashwa anakunja kanga yake taratibu.

"Kuanzia miaka mitano, na mtu mzima," anasema. "Wazazi waambiwe kuhusu kaburi. Wasio na shida wataipenda."

"Na Anatolia?" anauliza Yunus kutoka juu.

Celina anavaa viatu na kutoka.

Anatolia ni binti yake, ametimiza miaka sita mwezi Mei. Hadi Machi mwaka huu alikuwa na kaka, Nathanael, aliyekuwa na miaka minane na alikuwa darasa la kwanza. Surua ilipoingia Kagondo, ambako familia inaishi, watoto wote wawili waliugua katika wiki ileile na walilala kitanda kimoja nyumbani. Nathanael alipata homa ya mapafu. Alifia njiani, mgongoni mwa mama yake, kabla ya kufika hospitali.

Anatolia alibaki amelala nyumba ya jirani, macho yamevimba, haoni vizuri. Bibi yake, Klaudia, mama wa baba yake, aliachwa kumwangalia. Mchana wa mazishi mtoto aliinuka kitandani, akachungulia kwenye upenyo wa ukuta. Aliona wanaume wakishusha shimoni kitu kilichofungwa kwa lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho Wahaya wamekitumia tangu zamani kuzikia watu wao.

Akauliza wanafukia nini. Bibi akamjibu: ndizi.

Kwa mtu asiye wa huku jibu hilo linahitaji maelezo. Ndizi za pombe, embire, huivishwa ndani ya shimo. Linachimbwa katika kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Ndizi hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani na udongo, na moto wa majani makavu huwashwa pembeni ili moshi na joto viingie. Baada ya siku chache hufukuliwa zikiwa njano. Hakuna mtoto wa Kagondo ambaye hajaona ndizi zikifukiwa na kufukuliwa. Na makaburi, kwa desturi ya hapa, yamo ndani ya kibanja hichohicho, hatua chache kutoka mlangoni.

"Nilisema kilichonijia," anasema Bibi Klaudia. "Mtoto alikuwa hoi. Mganga wa zahanati alisema asishtuliwe. Ningemwambia nini? Na kwetu watoto wadogo hatuwapeleki kaburini, hatuwaambii. Wanakua, wanajua wenyewe."

Anayasema hayo Ijumaa jioni, ameketi kwenye mkeka uani, akichagua kahawa iliyoanikwa. Ni Juni, msimu wa kuchuma, na ua wote unanuka maganda. Mwili wake ni mdogo, mgongo umepinda, na vidole havisimami hata anapozungumza juu ya mjukuu wake aliyekufa.

Uongo wa kwanza ulihitaji wa pili. Mtoto alipopona na kumkosa kaka yake, aliambiwa Nathanael amekwenda Kishanda, Muleba, kwa baba yao. Baba, Datius Rugemalira, yuko Kishanda kweli. Tangu mwaka jana ni mmoja wa wanaume waliojitolea kufyeka na kujenga katika kijiji kipya cha ujamaa, na familia inatarajia kumfuata nyumba zikikamilika. Hurudi Kagondo mwisho wa mwezi, kwa lori la kijiji.

Kwa hiyo mwisho wa Machi Anatolia alikwenda barabarani kungoja lori. Baba alishuka peke yake. Aliulizwa Nathanael yuko wapi, na Datius, ambaye alikuwa amemzika mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, alisema amebaki kusaidia kuchunga.

Aprili senene, panzi wa kuliwa, walianguka. Bibi alikaanga, na Anatolia alitenga fungu la kaka yake kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati. Mwisho wa mwezi alilibeba hadi barabarani. Alirudi nalo.

"Nililitupa Juni hii, akiwa kwa jirani," anasema Celina. "Walikuwa wameoza, ndani ni vumbi. Nilifikiri ataliuliza. Hajaliuliza."

Bibi Klaudia anaiona dalili njema katika hilo. "Amesahau," anasema. "Mwezi uliopita hata barabarani hakwenda. Mtoto anasahau, waitu mwanangu. Ndiyo rehema ya watoto."

"Hajasahau, mama," anasema Celina.

"Umejuaje?"

"Haulizi. Aliyesahau angeuliza tena."

Mzozo wa wawili hawa ni juu ya filamu. Watoto wa majirani wote wanakwenda Jumamosi. Anatolia ameahidiwa tangu Pasaka kwamba akipata nguvu atapelekwa sinema, na sasa ana nguvu. Bibi anataka aende.

"Hajacheka tangu Machi," anasema. "Wenzake wamezisikia redioni nyimbo za hiyo filamu, wanaziimba mpaka kisimani, na maneno yenyewe hawayajui. Mwache akaone ndege. Akaone farasi. Tena umesema mwenyewe yule mtoto anafufuka mwishoni. Kuna ubaya gani mtoto kuona jambo jema?"

"Ubaya ni huohuo, mama. Kwamba anafufuka."

Bibi anaendelea kuchagua kahawa. Celina anaeleza, kwa sauti ileile anayoitumia mlangoni, kwamba mwanawe ataona kitambaa cha rangi ya lubugo. Ataona shimo. Atajua mara moja kwamba zile hazikuwa ndizi. Na dakika chache baadaye ataonyeshwa kwamba aliyefukiwa anaweza kutolewa, iwapo dada yake mdogo atajitahidi vya kutosha.

"Atachukua jembe," anasema. "Mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Atachukua jembe na maji ya kisimani, na atakwenda pale."

Pale ni nyuma ya nyumba, kati ya migomba miwili minene. Hakuna msalaba. Kaburi la mtoto Mkatoliki lisilo na msalaba si jambo la kawaida Kagondo, na katekista ameulizia mara mbili. Msalaba ungemfanya Anatolia aulize. Lipo jiwe moja tu, na majani makavu ya migomba yaliyotandazwa kama yanavyotandazwa shambani kote.

Datius, alipokuja mwisho wa Mei, alisema ataambiwa kahawa ikishachumwa. Kabla ya hapo alikuwa amesema ataambiwa mvua zikiisha.

"Kila mmoja wetu ana msimu wake wa kuogopa," anasema Celina. "Mimi nilisema akishaanza shule."

Liko jambo jingine ambalo familia haikulipanga. Sokoni na njiani, kwa miaka minane, Celina aliitwa Mama Nathanael. Baada ya mazishi watu walianza kusita wanapomwamkia. Leo wengi wanamwita Mama Anatolia. Ni heshima, hawataki kumchoma. Celina anasema kila akiitwa hivyo huhisi kama mtu ameondoa kiti alichozoea kukikalia.

Jumamosi, saa nane, foleni imefika hadi kona ya soko. Maji ya mvua ya asubuhi yamekauka na watoto wamevaa nguo za kanisani. Kando ya mlango limebandikwa tangazo kubwa la rangi: mti, ndege mweupe, na mvulana mwenye mavazi meupe akitoka ardhini, mikono juu.

Celina anakata tiketi na kutoa masharti yake. "Kuna kaburi, lakini anatoka mzima. Mwambie mapema." "Huyu ana miaka mingapi? Mitano ipi, ya mwaka gani?" "Wewe umefiwa juzi, baba. Huyu mdogo mrudishe Jumamosi nyingine, kuna ya wachekeshaji." Mwanamume aliyeambiwa hivyo anatazama chini, anamshika mtoto wake begani, na kuondoka kwenye foleni bila kubisha.

Bashiri amerudi na mwanawe.

"Leo nyoka yupo?"

"Leo hakuna nyoka."

"Afadhali. Wiki iliyopita nilimshika mtoto mpaka mkono ukafa ganzi, na aliyekuwa anatetemeka ni mimi."

Nyuma ya Bashiri amesimama Bibi Klaudia, na mbele ya Bibi amesimama Anatolia. Amevaa gauni jeupe na ndala za mama yake. Pembeni yake yuko Adventina, mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa, ambaye tayari ameshika senti zake mkononi.

Celina anamtazama mama mkwe wake. Kikongwe anatazama kwingine.

"Adventina pita, ukakae karibu na Bashiri," anasema Celina. "Anatolia, keti hapo kwenye benchi. Leo huingii."

Mtoto halii na habishi. Anakwenda kwenye benchi lililo chini ya tangazo na kukaa, miguu yake haifiki chini. Bibi anakaa naye. Foleni inaisha, Celina anafunga mlango, na ndani sauti inawaka. Wimbo wa kwanza unapenya ukutani, ule ambao watoto wa Kagondo wanauimba kisimani.

Anatolia amegeuka anatazama tangazo. Anatazama kwa muda mrefu. Mama yake anakuja na kuketi upande wa pili.

"Mama, huyu alikuwa amefukiwa?"

"Ndiyo."

"Walimfunga lubugo?"

"Kitambaa. Kinafanana na lubugo."

Ndani watu wanacheka kwa pamoja kwa jambo fulani. Anatolia anangoja wamalize.

"Zile ndizi za kwetu hazikuwashiwa moto," anasema.

Bibi Klaudia anaweka mkono mdomoni.

"Ndizi zipi?" anauliza Celina, ingawa sauti yake inaonyesha kwamba ameelewa.

"Zile ndizi nilizoziona nikiumwa. Bibi alisema ni ndizi. Lakini hawakuwasha moto. Nilitazama mpaka jioni, hapakuwa na moshi. Ndizi bila moshi haziivi." Anafikiri. "Na hazikufukuliwa. Na sasa watu wanakuita Mama Anatolia."

Anayasema bila kulia, kama mtoto anayehesabu vidole vyake ili kuhakikisha vyote vipo. Inaonekana alikuwa nayo yote tangu zamani. Hakuna aliyemuuliza.

Celina anamkalisha mapajani. Anachomwambia anakisema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, na kinachukua muda mfupi kuliko alivyokuwa akiogopa kwa miezi mitatu. Maneno yale ni ya mama na mwanawe na hayamo katika habari hii. Mtoto anauliza maswali mawili. Baada ya la pili anaweka uso kwenye shingo ya mama yake, na hapo ndipo analia, na kilio chake ni cha kawaida, kile cha mtoto aliyechoka. Bibi Klaudia analia pia. Anasema, kwa Kihaya, kwamba ni yeye, ni yeye aliyesema ndizi. Celina ananyoosha mkono uliobaki na kuushika mkono wa kikongwe.

Ndani, kwa kadiri Celina anavyoijua filamu kwa moyo, wanafika sehemu ya nne. Ukumbi umenyamaza. Mtoto mmoja mdogo anaanza kulia, na sauti ya mtu mzima inasikika ikimwambia kitu. Kilio kinakatika. Celina amegeuza kichwa kusikiliza.

"Amemwambia," anasema.

Anatolia amejifuta uso kwa gauni. Anarudi kulitazama tangazo, safari hii kwa karibu, amesimama juu ya benchi.

"Ametoka ardhini?"

"Ndiyo."

"Nguo zake hazina udongo."

Celina analitazama tangazo. Filamu yenyewe ameiona Alhamisi, chini sakafuni, bila sauti, na sehemu ya kufukiwa ameitazama mara mbili. Hilo hakuliona.

"Hazina," anasema.

"Hata nywele. Basi ni ya uongo."

"Ni ya uongo, mwanangu. Ni nzuri, lakini ni ya uongo."

"Nathanael hawezi kutoka."

"Hawezi."

Mtoto anateremka. Mama yake anamuuliza kama sasa anataka kuingia, kwamba bado kuna nusu nzima, na ndege bado hajatokea. Anatolia anafikiri. Anasema anataka kwenda nyumbani. Bibi anamshika mkono, na wote wawili wanaifuata barabara ya Kagondo polepole, kwa mwendo wa kikongwe. Ndala zinamzidi mtoto, kila baada ya hatua chache anasimama kuivuta moja kwa vidole.

Celina hawezi kwenda nao. Ana mlango wa kufungua filamu ikiisha, na onyesho la jioni.

Makopo ya filamu yataondoka Jumatatu kwa meli ya Mwanza. Datius atakuja mwisho wa mwezi, na Celina amemtumia salamu kwa dereva wa lori: aje na mbao mbili nzuri kutoka Kishanda, ndefu na fupi. Anajua ataelewa ni za nini. Msalaba utawekwa Jumapili baada ya misa, Anatolia akiwepo. Yeye ndiye atakayeonyesha ni wapi hasa, maana yeye, kama alivyosema mama yake, ndiye aliyetazama mpaka jioni.

Na kuhusu filamu, Celina anasema msimamizi amemwambia inaweza kurudi Krismasi. Ikirudi, Anatolia ataingia.

"Mtoto anayejua kwamba nguo zingechafuka, huyo anaweza kuitazama," anasema, huku akipanga vipande vya tiketi kwa ajili ya jioni. "Nitamwomba Yunus afungue ukumbi Alhamisi, tuwe wawili tu. Tutaketi chini, pale mbele. Na sauti sitaizima. Nimesikiliza leo nikiwa nje. Zile nyimbo ni nzuri kweli."